Mwaka Ambao Mama Alifunga Kila Siku

Jirani yangu hapa Tabata hupika uji wa mchele kila jioni. Huutia tui zito na pilipili manga, na harufu yake huingia dirishani kwangu bila hata kupiga hodi. Wenzangu wengi harufu hiyo huwakumbusha Ramadhani: tambi, mihogo ya nazi, watoto wamejipanga barazani wakishindana nani ataisikia adhana kwanza. Mimi hunipeleka kwenye majira ambayo hayakuwa Ramadhani hata kidogo. Mji mzima wa Bagamoyo ulikuwa unakula mchana kweupe, maandazi yanauzwa, chai inanywewa barazani, na katika nyumba yetu alikuwamo mtu mmoja tu aliyefunga. Mtu huyo alikuwa mama yangu, nami nilikuwa darasa la tatu.

Ngojeni nianze nyuma kidogo, maana saumu ile haieleweki bila maulidi, na maulidi hayaeleweki bila ugonjwa.

Tulikaa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, katika nyumba ya bibi yangu mzaa baba. Ilikuwa nyumba ya mawe, nusu yake imekwisha kubomoka na nusu iliyobaki ndiyo tuliyoishi: vyumba vitatu, ua wenye mpapai mmoja, na jiko la nje. Baba alikuwa na shamba la mananasi kule Fukayosi. Alikuja Ijumaa kwa ajili ya swala, akala, akatuuliza hali, na Jumamosi alfajiri alikuwa ameshaondoka. Kwa hiyo nyumba ile kwa kweli ilikuwa ya wanawake watatu: Bibi Mwanakheri, mama, na mimi Hawa. Bibi aliniita mke mwenzake, ingawa babu alifariki kabla sijazaliwa. "Huyu mke mwenzangu mvivu," aliwaambia wageni, "zamu yake ya kupika haifiki mpaka leo."

Mama alikuwa msusi wa mikeka. Ua wetu daima ulinuka ukindu uliochemshwa na rangi, na vidole vya mama vilikuwa vya zambarau wiki hii, vya kijani wiki ijayo. Alisuka pamoja na rafiki yake Bi Tatu, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa. Walikaa miguu imenyooshwa, kila mmoja na ukili wake, wakisengenya mtaa mzima bila kuacha hata nyumba moja.

Nilipokuwa darasa la kwanza, mama akaugua kifua kikuu. Mara ile ya kwanza hakuna kilichofichwa. Aliambiwa hospitalini, bibi akaambiwa, na kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa umekwisha kujua, maana bibi alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita watu wa ng'ambo ya barabara. Mama akatengewa sahani yake, kikombe chake na kijiko chake. Wanawake waliokuja kumjulia hali walisimama mlangoni, wakaacha kibakuli barazani, wakasema pole wakiwa wameshaanza kuondoka. Bi Tatu aliendelea kusuka, lakini upande wake wa ukuta. Wakawa wanazungumza bila kuonana, na mimi ndiye niliyepitisha ukindu huku na huku.

Msimamizi wa dawa alikuwa bibi. Muuguzi alimwambia kwamba kazi yake ni kuona kwa macho kwamba vidonge vimemezwa, na bibi akaishika kazi hiyo kwa mikono miwili. Kila asubuhi alisimama mbele ya mama na kikombe cha maji. "Meza. Fungua kinywa. Inua ulimi nione." Nilikuwa nacheka hadi naanguka, kwa sababu mahali petu mkwe kumtolea ulimi mama mkwe wake si jambo dogo, na mama yangu aliufanya utovu huo wa adabu kila siku kwa amri ya mama mkwe mwenyewe.

Na ni bibi aliyeweka nadhiri. Siku za mwanzo kabisa, mama akiwa amekonda hata bangili hazikai mkononi, bibi alimaliza kuswali, akainua mikono pale pale juu ya mswala, akasema kwa sauti kwamba Mungu akimponya mtoto huyu, atasoma maulidi, atachinja mbuzi, na kila apitaye atakula. Alisema kwa sauti makusudi ili majirani wasikie. Nadhiri ya siri, alinieleza baadaye, mtu huweza kujisahaulisha.

Mama akapona. Alimaliza dawa zote, makohozi yakapimwa, yakaonekana safi. Mwili ukarudi, bangili zikarudi mkononi. Bibi hakungoja. Baba alileta mbuzi kutoka Fukayosi, mikeka ikatandikwa ua mzima hadi uchochoroni, udi ukafukizwa mpaka macho yakatuwasha, na mtu akapita na mrashi akitunyunyizia marashi vichwani. Mama alikaa mbele amevaa khanga mpya, bado ina ugumu wa dukani.

Lakini maulidi yenyewe siyakumbuki sana. Ninachokumbuka ni pilau. Masinia yaliposhushwa, wanawake walikaa wanne wanne, wengine watano, na sinia la mama likabaki na mama peke yake kwa muda ambao sikuupenda. Kila mtu alijifanya anatafuta pa kukaa. Ndipo Bi Tatu aliponyanyuka alikokuwa, akaja na unene wake wote, akajishusha mbele ya mama, akafinyanga tonge la pilau na kipande cha nyama, akamtia mama mdomoni kwa mkono wake. Vigelegele vikapigwa. Wengine wakaja, mikono ikajaa katika sinia lile, na mama akalia na wali mdomoni, punje zikamwangukia kwenye khanga mpya. Kwetu, mtu ambaye huli naye sinia moja si mtu wako. Siku ile mama alirudishwa kwa watu, hadharani, mbele ya Mungu na mbele ya mbuzi aliyeliwa.

Mwaka haujapinduka vizuri, nikahamishwa kitanda.

Hivyo ndivyo ilivyoanza kwangu. Nilikuwa nimezoea kulala na mama, mguu wangu mmoja juu yake, na jioni moja alinikabidhi mto wangu akasema nikalale na bibi, kwa kuwa bibi siku hizi anaogopa kulala peke yake. Bibi yangu hakuwahi kuogopa kitu chochote duniani. Lakini nilikwenda, kwa sababu mama alisema, na kwa sababu bibi alikuwa na hadithi. Kisha nikaona kwamba nikimkimbilia mama nikitoka shule, ananyoosha mkono na kunizuia begani, taratibu, kama anayepima urefu wangu. Akawa anazungumza nami akiangalia pembeni. Kikohozi nilikisikia, lakini alikuwa anakohoa kwenye upindo wa khanga yake na kulaumu moshi wa jikoni au rangi za ukindu, na mimi nilikuwa mtoto. Moshi ulikuwapo na rangi zilikuwapo.

Halafu akaanza kufunga. Kwanza zilikuwa Jumatatu na Alhamisi, ambazo ni sunna, na hakuna wa kuuliza. Kisha akasema analipa siku alizokula Ramadhani iliyopita. Baada ya hapo hakueleza tena. Alifunga tu, siku zote. Wakati wa chakula cha mchana mimi na bibi tulikaa kwenye sinia wawili, na pale alipokuwa anakaa mama pakabaki wazi. Maghrib ilipoingia, bibi alibeba futari, uji wa pilipili manga na chochote kilichopikwa, akaiweka mlangoni kwa mama, na mama akafuturu peke yake ndani. Alisema anataka kubaki na nyiradi zake, zile dua za baada ya swala.

Bibi alivimba kwa fahari. Alikwenda nyumba kwa nyumba akisimulia uchamungu wa mkwe wake. "Mwenzenu tangu Mungu amponye, dunia ameipa kisogo," alisema, "mimi niliyemzaa mumewe namwonea haya." Bi Tatu alipata fadhaa hata naye akajaribu kufunga Jumatatu moja, na ilipofika saa tano nikamwona dukani anatafuna kashata ameipa barabara mgongo. Paka wa uchochoroni kwetu walinenepa sana mwaka ule. Waliongezeka, waking'ara manyoya, wakilala chini ya dirisha la nyuma la chumba cha mama mchana kutwa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Mimi nilikuwa mpweke. Nasema hivyo kwa sababu wakati ule sikuwa na neno lake, na nadhani mtu mzima ana deni la kumpatia mtoto aliyekuwa yeye neno lake. Nilitoka shule nikakuta mlango umerudishwa. Nilisema, "Mama, shikamoo, nimerudi," na sauti ikajibu, "Marahaba mwanangu, nenda kacheze." Nilicheza peke yangu uani na mabaki ya ukindu, nikamsukia mwanasesere wangu wa mabunzi kijikeka, nikamlaza, nikamfunika, kisha nikamwamsha kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Watoto wa mtaani walikuwapo. Lakini mama yako akikukimbia, hutaki watoto wa mtaani.

Nikapata wazo. Kama mama anafuturu peke yake kwa kuwa ndiye pekee aliyefunga, basi dawa ni mimi nami kufunga. Nilichagua Alhamisi. Bibi alicheka, akaniambia saumu ya mtoto huishia adhuhuri na Mungu anaipokea vilevile, lakini nikamwambia yangu itafika mwisho. Shuleni wenzangu walinunua barafu za ubuyu, na mimi nikakaa nyuma ya darasa nimeegemea ukuta wa joto. Mate yaligeuka gundi. Njiani kurudi nyumbani niliona kila kitu kinacholiwa katika mji ule, hata vile ambavyo siku nyingine sivitamani. Lakini nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nilikuwa nafanya kitu kimoja na mama.

Bibi akanipa tende mbili, yangu na ya mama. Tangu alasiri nilikaa mlangoni pake. Adhana ilipoanza nikabisha. "Mama, na mimi nimefunga leo. Tufuturu."

Kisha akasema, "Mashaallah, mwanangu. Mungu akupokelee. Kafuturu na bibi yako."

"Nataka na wewe."

"Nenda, Hawa."

"Nitakaa hapa mlangoni tu, sitaingia..."

"Nimekwambia nenda!"

Sauti ilikuwa kali. Mama yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hata kuku aliwafukuza kwa kuwabembeleza. Nilikula tende yangu pale pale nimesimama, machozi na utamu vikachanganyika, nikaiacha yake kizingitini. Paka mmoja akaja akainusa, akaiacha. Nilijiona mgeni katika nyumba niliyozaliwa. Bibi alinifuata, akanibeba ingawa nilishakuwa mkubwa wa kubebwa, akanilisha uji kwa mkono wake, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akisifu uchamungu wa mtu.

Nadhani usiku ule alianza kufikiri. Bibi alikuwa mwanamke wa zamani na hesabu za wanawake alizijua. Mwanamke hafungi siku zote mfululizo. Kuna siku zake za mwezi ambazo dini yenyewe inamwambia ale, na mama alikuwa amefunga wiki baada ya wiki bila kupumzika hata mara moja. Mwongo mzoefu angekumbuka kuikatiza saumu yake kila mwezi siku kadhaa. Mama hakuwa mwongo mzoefu. Bibi akaunganisha na mengine: chakula hakimwingii, analala mchana, amebadilika rangi, hataki kuguswa, anamfokea hata mtoto. Akafikia uamuzi ambao mama mkwe yeyote wa pwani angeufikia. Akaamini mama ana mimba.

Furaha ya bibi ilikuwa tabu kuificha. Alinunua udongo sokoni, vile vipande ambavyo wajawazito hupenda kutafuna, akaviweka kimya kimya kando ya futari. Akaanza kuimba jikoni. Siku moja alinishika mashavu, akaninong'oneza, "Mke mwenzangu, jiandae. Unapata mdogo wako."

Nami ndipo nilipoelewa, au nilidhani nimeelewa. Kumbe ndiyo sababu. Kuna mtoto mwingine, na mtoto huyo ameshachukua kitanda, ameshachukua mapaja, ameshachukua na futari. Nilimchukia mdogo wangu huyo kwa moyo wangu wote. Nilimpa jina, jina baya ambalo sitaliandika. Niliomba kwa Mungu, nikiwa nimefumba macho chini ya mpapai, kwamba asije.

Bibi akaamua kumpeleka mama kliniki ya wajawazito, na mama akakubali. Jambo hilo lilinishangaza miaka mingi. Alijua hana mimba. Alijua vizuri alichonacho, tangu jasho la kwanza la usiku. Angeweza kukataa, kusema amechoka, kusema atakwenda wiki ijayo. Lakini alivaa baibui, akachukua mwavuli, akamfuata mama mkwe wake taratibu barabarani, akipumzika kila penye kivuli, na mimi nyuma yao, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na hakukuwa na wa kuniachia.

Walikaa kwenye benchi pamoja na wenye matumbo. Mama alijiweka mwisho kabisa, karibu na nje, akageuza uso. Akapita muuguzi, mama mmoja mrefu mwenye kovu kidevuni, ambaye alikuwa upande wa kifua tangu ile mara ya kwanza. Alikuwa ameshapita, akasimama, akarudi. Alimtazama mama mkono, akamtazama shingo. Mama akakohoa, na safari hii hakukuwa na moshi wala rangi ya ukindu.

"Mama Hawa," akasema muuguzi kwa upole, "hujakosea benchi?"

Mama akatikisa kichwa, kisha akaitikia, kisha akaanza kulia. Muuguzi akamshika mkono, akamwondoa kwenye foleni ya wajawazito, wakatoka wakazunguka jengo hadi upande wa pili. Bibi alibaki amesimama, mfuko wa udongo mkononi.

Majibu ya makohozi yalipokuja, bibi alikaa mbele ya muuguzi na kwanza kabisa alijitetea. Alisema vidonge alivisimamia yeye, asubuhi zote, ulimi aliuona, chini na juu. Kama kuna aliyesema mkwe wake alitema dawa, basi huyo amemtukana yeye. Muuguzi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia maneno ambayo bibi aliyarudia hadi anaingia kaburini: "Bibi, alimaliza dawa, kweli. Akapona, kweli. Na umemrudia, kweli. Yote matatu ni kweli." Akaeleza kwamba wapo wanaotibiwa wakapona kabisa, kisha wakarudiwa. Kwa wengine wadudu wachache hubaki wamelala kifuani, wakaamka baadaye. Wengine huambukizwa upya na mtu mwingine kabisa. Bibi akauliza ni nani basi aliyekosea. Muuguzi akasema hapa hakuna aliyekosea, ila tumechelewa.

Nami nikapimwa siku hizo hizo, mkononi na kifuani. Sikuwa na kitu. Bibi alinirudisha nyumbani, akasimama nje ya dirisha la mama, akasema, "Mtoto mzima." Nilimsikia mama akishuka kitandani, nikamsikia akikaa sakafuni. Halafu akacheka. Kicheko kirefu, chenye kikohozi ndani yake. Nilisimama pale uani nikadhani anafurahi kwa sababu hakuna mtoto mwingine, na nikawa na hofu, maana mimi ndiye niliyeomba asije.

Safari hii dawa zilikuwa za miezi minane, na miezi miwili ya mwanzo zilikuja na sindano kila siku. Bibi alikwenda naye kila asubuhi, mwavuli mmoja, watu wawili. Mtaa ukasema yake. Wengine walisema hakumaliza dawa. Wengine walisema nadhiri haikupokelewa, kwamba mbuzi alikuwa mdogo, kwamba baba angeleta dume. Bibi aliwajibu akiwa katikati ya barabara, kwa ile sauti yake: "Nilimwahidi Mungu akinipa nitatoa. Akanipa, nikatoa. Hayo yamekwisha. Huu ni ugonjwa mwingine." Hakuweka nadhiri nyingine. Bi Tatu alikuja wiki ya kwanza akakaa na mama uani, kisha akaja mara moja moja, kisha nikaanza kusikia sauti yake tena kutoka upande wa pili wa ukuta. Nilipitisha ukindu huku na huku kama zamani, lakini mazungumzo yakawa mafupi.

Mama akapona mara ya pili. Hakukuwa na maulidi. Ilifika siku muuguzi akasema haambukizi tena, na bibi akaurudisha mto wangu kitandani kwa mama kama anayerudisha sahani ya jirani. Nilirudi, lakini hatukurudi sawasawa. Nililala ukingoni. Mama naye alilala amenigeuzia mgongo, uso kuelekea dirishani, na tabia hiyo haikumtoka. Mpaka leo akikaa na watu hutafuta penye upepo. Akipaliwa na chai hunyanyuka akatoka nje. Harusini ataketi mwisho wa mkeka. Nilikua nikidhani ndivyo alivyo, mwanamke wa mbali kidogo, na nikajifunza nami kuwa wa mbali kidogo, tukawa tunapendana kwa umbali wa hatua chache.

Mwaka jana nilijifungua binti. Mama alitoka Bagamoyo kuja kuniuguza arobaini, na alipofika mlangoni kwangu na mabegi yake, na ndizi, na mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, hakuingia chumbani. Alisimama nje ya pazia. Alikuwa na kikohozi kidogo cha mafua, cha vumbi la njiani. Nilimwambia aje amwone mjukuu wake. Akasema, "Nimeshamwona, mzuri," na alikuwa hajaona hata kisigino. Kisha akauliza hospitali ipo upande gani.

Alikwenda peke yake. Alilala sebuleni siku alizongoja majibu, dirisha wazi, akipika uji wangu, akinipitishia bakuli chini ya pazia bila kuonekana zaidi ya vidole vyake vya zambarau. Siku moja kati ya hizo nilimwuliza, kwa kuwa pazia linarahisisha mambo, kwa nini mwaka ule hakusema.

"Nilikuwa nimeshakula na watu, Hawa," akasema. "Ningeanzaje kuwaambia watoe mikono yao?" Akapumua. "Bibi yako alipofikiri nina mimba, nikasema alhamdulillahi, sasa nitapelekwa na mtu. Mdomo wangu ulikuwa umeshindwa, nikapeleka miguu."

"Na mimi?" nikamwuliza, nikasikia sauti yangu imekuwa ya darasa la tatu.

"Wewe ndiye niliyekuwa nakukimbia. Wengine wote nilikuwa nawaonea haya tu."

Kesho yake alirudi kutoka hospitali kabla ya adhuhuri. Hakusema majibu. Nilisikia maji yakimwagika bafuni, muda mrefu, kisha pazia likafunguliwa na mama akaingia hadi kitandani, moja kwa moja, bila kutafuta dirisha. "Nipe," akasema. Nikampa. Akamweka mtoto kifuani, shavu kwa shavu, pumzi kwa pumzi, akafumba macho. Nami, mwanamke mzima mwenye mume na mtoto, nilikaa pale na mito yangu nikimwonea mwanangu wivu, wivu wa kweli, hadi mama alipofumbua jicho moja, akanitazama, akasogea pembeni ya kitanda na kuacha nafasi.